Fedha ya Serikali na Viwanja vya Ndege vya Mahali pa Mbali
Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka 10 ya Ushirika, Tongoni



Katika siku hii ya kutimiza miaka 10 ya Ushirika wetu tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wanachama wameliuliza mara nyingi. Serikali hutoa fedha kutengeneza viwanja vya ndege vya mahali pa mbali. Je, na sisi watu wa Tongoni tupeleke ombi la kujengewa kiwanja chetu? Kabla ya kujibu, yafaa tujue kwanza fedha hiyo hutolewa kwa sababu gani.

Wako wadhanio kwamba eropleni ni chombo cha matajiri na watalii tu. Dhana hiyo haisimami mahali palipozungukwa na maji. Tazameni kisiwa cha Mafia. Mgonjwa ambaye dawa yake haipatikani kisiwani hana ila njia mbili: kuvuka bahari mpaka Nyamisati na kushika barabara ya Dar es Salaam, au kupanda ndege. Bahari ikichafuka, njia ya kwanza huwa ya hatari, nasi wavuvi hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Kwa miaka mingi kiwanja cha Mafia kilikuwa cha changarawe. Tarehe 17 Februari 2008 Serikali yetu na Serikali ya Marekani zilitia sahihi mkataba wa msaada wa dola milioni 698, kwa kazi za barabara, umeme na maji. Kiwanja cha Mafia nacho kikaingizwa humo, kikatiwa lami. Hakuna mfanyabiashara ambaye angetoa fedha yake kwa kazi ile, maana ushuru wa ndege ndogo ya abiria 12 hauwezi kurudisha gharama ya lami. Hapo ndipo inapopasa fedha ya umma: pale ambapo faida ipo kwa wote, lakini haiingii katika mfuko wa mtu mmoja.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili zamani. Huko Australia, daktari wa ndege alianza kazi mwaka 1928 katika mji wa Cloncurry. Kwetu Afrika ya Mashariki, huduma ya madaktari wa ndege iliasisiwa Nairobi mwaka 1957, ndiyo AMREF ya leo. Lakini daktari wa ndege, hata awe hodari namna gani, hatui juu ya minazi. Kwa hiyo Serikali ya Australia huwa na fungu la fedha kwa viwanja vya mbali, la kutengeneza njia ya kurukia, kuweka taa, na kujenga ua wa kuzuia wanyama. Mara nyingi mwenye kiwanja hutakiwa naye achangie sehemu yake. Desturi hiyo ni njema, kwani mtu hukitunza zaidi kitu alichokitolea jasho.

Wenzetu, utunzaji ndio moyo wa maneno yetu. Kiwanja cha changarawe huharibika upesi. Masika huchimba mitaro, majani huota, mbuzi na ng'ombe huingia kulisha, na watu hupitisha njia ya mkato katikati. Rubani akiona ng'ombe mmoja tu juu ya njia hana budi kupaa tena, na mgonjwa aliye chini akingoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Fedha ya kujenga isiyofuatwa na fedha ya kufyeka, kusawazisha na kulinda ni fedha iliyomwagwa baharini.

Tena kiwanja si lami peke yake. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ndani yake walikuwamo watu 43, na 19 wakafariki, Mungu awarehemu. Njia ya lami ilikuwapo tayari. Waliotangulia kufika kuokoa walikuwa wavuvi, watu kama sisi, kwa mitumbwi yao. Yatupasa kukumbuka hayo tutajapo gharama za kiwanja: vyombo vya uokoaji, kamba na watu waliofunzwa ni sehemu ya gharama hizo.

Sasa turudi Tongoni. Magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyo hapa yashuhudia kwamba mji huu uliishi kwa kupitiwa na vyombo, na vyombo vilipoacha kupita mji ukafifia. Ndiyo sababu twaielewa hamu ya wanachama. Hata hivyo shauri letu ni hili: tusiombe kiwanja. Kiwanja cha meta 1,000 kwa 60 chachukua ekari zipatazo 15, nazo ni ekari za minazi na mashamba ya watu. Tanga mjini, penye kiwanja, ni kilometa zipatazo 20 tu. Shilingi itakayoletwa hapa kwa kazi hiyo itakuwa imetolewa kwa mgonjwa wa mahali pasipo njia nyingine.

Badala yake twapendekeza mambo matatu. Kwanza, tuungane na wenzetu wa mjini kuomba kiwanja cha Tanga kiboreshwe na kutunzwa, pamoja na barafu na chumba baridi cha kuhifadhi samaki wetu mpaka wasafirishwe. Pili, barua yetu kwa Serikali iseme wazi kwamba watu wa visiwani na wa mahali palipokatika watangulie katika fungu la viwanja, nasi twawaunga mkono. Tatu, Ushirika uandike orodha ya vyombo na manahodha walio tayari kwa uokoaji, kwa kuwa ndege za Pemba huvuka bahari yetu hii. Jambo hilo la tatu halihitaji kungoja fedha ya mtu. Laweza kuanza Jumatatu.

Ushirika usiojua kuwaombea wengine ni duka tu. Twawaomba wanachama wayafikirie maneno haya, na mkutano mkuu uyakate kwa kura.