Gari Kuukuu Halianzwi kwa Rangi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi waliokutana Karatu



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona ni la mchezo, nalo ni kufufua gari kuukuu la porini. Hiyo ndiyo kazi yangu ya Jumamosi na ya jioni, niifanyayo kwa fedha yangu na kwa kupenda kwangu. Mimi ni mkulima, sikusomea ufundi. Lakini Ndugu Katibu alinieleza kwamba viko vyama vyetu vyenye magari ya namna hii, yaliyokaa juu ya mawe nyuma ya ghala miaka mingi, na kwamba katika mikutano mikuu ijayo wanachama wataulizwa: tuyauze kwa kilo kama chuma chakavu, au tuyatengeneze? Swali hilo nililijibu vibaya mara moja kwa gari langu mwenyewe. Nimekuja kuwaeleza kosa hilo ili lisirudiwe kwa mali ya wengi.

Gari langu ni Land Rover 109, toleo la tatu. Namba 109 ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kiligawiwa kwa kipimo, na kwa sababu hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Toleo la tatu lilianza mwaka 1971 na likakoma mwaka 1985. Kwa hiyo hata lile lililo changa kuliko yote katika toleo hilo limekwisha kupita umri wa vijana wengi waliomo ukumbini humu.

Hapa kwetu magari haya hayahitaji kutambulishwa. Yamepanda na kushuka Mbulumbulu na Endabash, yamebeba vitunguu kutoka Mang'ola, na yamevuka matope meusi ambayo gari dogo haliwezi kuyagusa. Huko Ngorongoro, eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959, kreta ina kina cha mita 600 hivi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kuteremka humo. Makampuni ya utalii yanaponunua magari mapya, yale ya zamani huteremka daraja: kwanza kwa mfanyabiashara, kisha kwa mkulima, mwisho chini ya mti. Mwezi Oktoba 2024 yalifanyika mjini Arusha maonyesho makubwa ya Land Rover, na walioyashuhudia waliona magari ya umri wa babu zao yakitembea barabarani kwa nguvu zake yenyewe. Basi lawezekana kufufuliwa. Ninalotaka tulitazame ni utaratibu wa kulifufua.

Ndugu Wajumbe, nilipolinunua gari langu lilikuwa na kuku wanaotagia ndani. Nililivuta kwa trekta hadi nyumbani, na kwa muda wa msimu mzima nilifanya kazi kwa bidii kubwa. Nilipiga rangi ya kijani. Nilishona viti upya. Nilifunga redio. Injini ilipowaka kwa mara ya kwanza majirani walikuja kunipongeza, nami nikaona fahari. Breki nilizikanyaga nikiwa uani, zikashika, nikasema yatosha.

Siku chache baadaye nilipakia magunia ya vitunguu nikaelekea Mto wa Mbu. Pamoja nami alikuwapo mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na minne, aliyenisaidia kila Jumamosi tangu siku ya kuku. Tulipita Rhotia salama. Tulipoanza kuteremka ule ukuta wa Bonde la Ufa, nilikanyaga breki kwenye kona ya kwanza, nikahisi pedali imelainika. Kwenye kona ya pili ilishuka hadi sakafuni. Nilijitahidi kurudisha gia ya pili, nikavuta breki ya mkono, nikaligonganisha gari na ukingo wa kilima, kwa kuwa upande wa pili palikuwa na bonde. Gari lilisimama. Mimi sikuumia. Kijana yule mkono wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Umepona, Mungu ashukuriwe, lakini haunyooki sawasawa mpaka leo, na kila ninapomwona akinyanyua ndoo nakumbuka ile rangi ya kijani.

Kilichopasuka kilikuwa mpira mmoja wa mafuta ya breki, wenye urefu wa dhiraa moja hivi, karibu na ekseli ya nyuma. Katika gari langu mafuta hayo hupita njia moja tu. Ikivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne hukosa breki. Mpira ule ulikuwa na umri wa gari lenyewe. Niliufuta vumbi kwa mikono yangu nilipokuwa nikipiga rangi, wala sikuubadilisha.

Usiku ule nilifungua daftari nililokuwa nikiandikia matumizi. Katika kila shilingi kumi nilizotumia, saba zilikwenda katika vitu vinavyoonekana na mtu aliye nje ya gari. Hakuna hata moja iliyokwenda katika breki. Wazee husema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nilikuwa na daftari; nilichokosa ni kulisoma.

Gari lilirudi juu ya mawe kwa mwaka mzima. Safari hii nilipanga kazi kwa kufuata hatari, kitu kinachoweza kuua kikitangulia na kile cha kupendeza kikija mwisho. Mpango wenyewe ni huu.

Kwanza ni chesisi. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu kama chuma, na hapo ndipo wanunuzi wanapodanganyika: juu gari linang'aa, chini limeoza. Chesisi ni ya chuma na ina uwazi ndani, hivyo maji na tope huingia na kuila kutoka ndani kuja nje. Chukua nyundo ndogo uigonge kote, hasa mwisho wa nyuma na mahali springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo huzama. Gari lililofanya kazi ndani ya kreta litazamwe kwa makini zaidi. Ukungu wa kule juu ukingoni huliweka katika unyevu, na vumbi la magadi likipata maji hula hata hiyo aluminiamu. Kama chesisi imeoza sehemu nyingi, hapo ndipo pa kusema gari hili liuzwe. Usiendelee mbele kwa huruma.

Pili ni breki na usukani. Badilisha mipira yote ya breki bila kuuliza kama ni mizima. Mwaga mafuta ya breki ya zamani, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na katika mteremko mrefu joto hugeuza maji yale kuwa mvuke, pedali ikakanyaga hewa. Fahamuni pia kwamba breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Ni ya kulizuia gari lililokwisha kusimama. Tena ekseli ya ndani ikikatika, breki hiyo haishiki chochote, na gari huweza kuondoka peke yake. Kwa hiyo gari liwekewe kigingi kila linapoegeshwa kwenye mteremko.

Hapa naongeza neno la afya. Bitana za breki za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Msipulize dramu kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Futeni kwa kitambaa kilicholoweshwa, kisha kifukieni mbali na watoto. Na haya mawe tunayoyataja, gari kuwa juu ya mawe, yaishie katika usemi tu. Jiwe hupasuka na jeki huteleza. Atakayeingia uvunguni aweke kwanza magogo mapana au stendi za chuma.

Tatu ni mfumo wa kuvuta. Katika Land Rover ya toleo hili kuna vifimbo viwili vifupi karibu na gia. Cha manjano kikikandamizwa, magurudumu ya mbele huungana na ya nyuma katika mwendo wa juu. Chekundu kikivutwa nyuma huingiza mwendo wa chini, na magurudumu yote manne huvuta kwa pamoja. Vijaribuni katika udongo, si kwenye lami, kwa sababu juu ya lami magurudumu hushindwa kuteleza kidogo na mashine hukazana yenyewe kwa yenyewe hadi kitu kivunjike. Tangu ajali ile mimi huingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, injini ikanisaidia kuzuia mwendo. Breki hubaki baridi kwa ajili ya dharura.

Nne ni injini. Hii ya lita mbili na robo ni mashine ya uvumilivu, na fundi wa kawaida anaiweza. Kabla ya kuifungua, pimeni mgandamizo wa kila silinda na muandike. Silinda nne zikikaribiana, iacheni ifanye kazi. Moja ikiwa chini sana, hapo kuna sababu ya kufungua. Nimeona injini nyingi zilizofunguliwa bila sababu na zisizofungwa tena, bolti zake zikageuka misumari ya kuning'inizia makoti.

Tano ni umeme, kwa kuwa nyaya zilizochubuka huwasha moto. Sita, na ya mwisho kabisa, ni viti na rangi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa narudi kwenye swali la vyama. Nina maneno matatu.

La kwanza: tofautisheni mapenzi ya mtu na mali ya chama. Mimi nikiamua kutumia fedha ya mauzo ya mahindi kununua difu, nitagombana na mke wangu tu. Katibu wa chama akipenda gari kama ninavyolipenda mimi, gharama inakatwa katika malipo ya mjane aliyeleta kilo arobaini za kahawa. Kwa hiyo kabla spana haijagusa nati, fundi asiye na maslahi alikague gari kwa utaratibu nilioutaja, aandike makadirio, na mkutano mkuu uweke kiwango cha juu cha fedha na tarehe ya kumaliza. Kiwango kikifika kabla gari halijatembea, kazi isimame na mkutano uitwe. Fedha iliyokwisha kuzama isiwe sababu ya kuzamisha nyingine.

La pili: gari likitengenezwa, liwe na daftari lake, mbali na daftari la fedha. Humo iandikwe siku kila kitu kilipobadilishwa, na hasa vile visivyoonekana: mipira, mafuta ya breki, bitana, beringi. Dereva akibadilishwa, daftari likabidhiwe pamoja na ufunguo. Dereva awe na haki ya kukataa safari kwa kuonyesha ukurasa, wala asiitwe mkaidi.

La tatu: kama chama kitaona gari haliwezekani, basi vijana wasinyimwe faida yake. Tangu tulipoanza upya, vijana wanne wamejifunza katika ua wangu kupima, kufungua na kufunga kwa mpangilio, na kuandika walichofanya. Wawili kati yao sasa wanafanya kazi katika gereji za magari ya watalii hapa Karatu. Gari bovu la chama laweza kuwa darasa kabla ya kwenda kwa mnunuzi wa vyuma, mradi liwe juu ya stendi imara na awepo mtu mzima wa kuwaangalia.

Mtaniuliza kama najuta kulinunua gari lile. Sijuti. Lipo, linatembea, na wiki iliyopita lilipanda kutoka Mang'ola likiwa na mzigo wake bila manung'uniko. Rangi yake bado ni ile ya zamani, imechubuka ubavuni mahali lilipogonga kilima. Yule mtoto wa dada yangu ndiye aliyeniomba nisiipake tena. Siku hizi yeye ndiye anayeshika daftari, na kabla ya safari yoyote kwenda Mto wa Mbu hulifungua na kunisomea ukurasa wa breki kwa sauti, nami husikiliza hadi mwisho ndipo niwashe gari.

Ndugu Wajumbe, mtakaporudi kwenye vyama vyenu, nendeni nyuma ya ghala na nyundo ndogo kabla ya kwenda dukani kununua rangi.