Mada ya Afya kwa Wakazi wa Kigongo: Dawa ya Siku Moja na Dawa ya Kila Siku



Mwambao wa Kigongo unakijua vema kichocho. Anayeingia ziwani kuvua, kufua au kuchota maji huweza kupatwa na vimelea vitokavyo kwa konokono, na damu ionekanapo chooni jina la kichocho hutajwa kabla ya kipimo chochote. Ipo, hata hivyo, damu ya asili nyingine: ile ya vidonda vya utumbo mpana, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia utando wa ndani wa utumbo huo. Hayaambukizi, hayatoki ziwani, wala si kurogwa.

Tofauti kubwa imo katika tiba. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, humezwa kwa siku moja kwa kadiri ya uzito. Shuleni watoto hupimwa kimo kwa kijiti chenye alama. Mtu humeza, hurejea kazini, shughuli imekwisha (mpaka aingie tena katika maji yenye vimelea). Mazoea hayo ndiyo yanayomponza mgonjwa wa utumbo mpana. Hupewa sulfasalazini, humeza kwa wiki kadhaa, damu hukoma, naye hujitangaza kuwa amepona na kuviacha vidonge. Hajapona. Ugonjwa umelala, na dawa ndiyo inayoulaza.

Mwaka 2003, Dkt. Sunanda Kane na wenzake wa Chicago, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 99 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Wasiozingatia dawa walikuwa na hatari ya kurudiwa na ugonjwa zaidi ya mara 5 ya wenzao. Ukirudi, hudai dawa kali zaidi, pengine upasuaji. Na ukidumu miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo.

Si haki kumkemea aliyeacha dawa kabla ya kumsikiliza. Kipimo kinachotumika mara nyingi cha kuulaza ugonjwa ni gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, na mtu asiyeumwa huchoka kuvimeza. Wengine hupata kichefuchefu. Kumeza baada ya chakula husaidia. Mkojo huweza kugeuka rangi ya chungwa, jambo la kutisha lisilo na madhara. Vijana wa kiume husikia kwamba dawa hii hupunguza mbegu za uzazi. Ni kweli, lakini hali hurejea dawa ikisitishwa, na mesalazini haina kasoro hiyo. Anayetafuta mtoto amweleze daktari, asiache kimyakimya. Prednisoloni nayo haikatwi ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua.

Mwenye damu chooni aanze kwa kupimwa choo katika kituo kilicho karibu. Kichocho kisipoonekana, au damu ikiendelea baada ya prazikwanteli, aombe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando iko Mwanza mjini. Ndugu wa ng'ambo ya Busisi nao, tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye kilomita 3 lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, hawasubiri tena kivuko siku ya kliniki.

Linabaki suala la kambi za uvuvi visiwani, ambako duka la dawa halipo karibu. Mgonjwa wa vidonge 4 kwa siku anayekwenda huko kwa wiki 3 ahesabu vidonge 84, avifunge mahali pasipoingia maji, na aongeze vya akiba kwa siku za dhoruba.