Ukuni Mmoja na Kata ya Maji

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu)

   

Tunaishukuru Halmashauri kwa heshima hii. Sisi si wasomi. Elimu yetu iliishia sekondari, na umri wetu karibu wote umepita nyuma ya meza ya duka huko Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Mwenyekiti alipotupigia simu, tulidhani anadai mchango wa maadhimisho, tukamjibu upesi kwamba tumekwisha kuutuma. Akacheka, akasema safari hii anataka maneno. Kwa mfanyabiashara, hilo ni deni gumu zaidi.

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu mtakuta orodha ya waliotoa fedha, saruji, mabati na marumaru. Wanastahili shukrani, nasi tunawashukuru. Lakini yapo matoleo ambayo hayajapata kuandikwa katika orodha yoyote. Tunaomba ruhusa tuyaseme hayo leo, kwa kuwa bila ya hayo sisi tusingekuwa hapa tulivyo.

Baba yetu alizaliwa Porbandar, katika Gujarat. Alifika Bonde la Kilombero kabla ya Uhuru, akauza chumvi, mafuta ya taa, kanga na viberiti. Reli ya TAZARA ilipoanza kujengwa mwaka 1970, na mafundi wa Kichina na wa Kitanzania wakajaa Mang'ula, familia yetu ilihamia huko. Reli ilikamilika mwaka 1975. Mafundi wakaenda zao, sisi tukabaki.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka desturi ya nyongeza. Mtu akinunua kibaba cha mchele, muuzaji humwongezea konzi moja juu. Mtoto akitumwa sabuni, hurudi na sabuni mkononi na pipi shavuni. Baba alikuwa akisema kwamba bei ni haki ya mwenye duka, ila nyongeza ni haki ya mnunuzi. Hatukumwelewa tulipokuwa watoto. Tuliona ni hasara.

Mama yetu naye alikuwa na nyongeza yake, na hiyo haikuwa ya duka. Kule Gujarat kuna jambo linaloitwa parab, yaani mahali pa maji yawekwayo kando ya njia kwa ajili ya mpita njia yeyote, bila kumwuliza dini wala kabila, wala anakokwenda. Mama aliweka mtungi wa udongo barazani petu, juu yake kifuniko cha mti na kata ya kifuu. Kila alfajiri, baada ya sala zake, aliusuuza mtungi na kuujaza upya.

Wenyeji wa Mang'ula wanajua kwamba kijiji chetu hakina dhiki ya maji. Mito hushuka milimani mwaka mzima, na maji yake ni baridi kuliko ya mtungi wowote. Jirani mmoja alimwuliza mama, kwa adabu, kwa nini anajisumbua kuwatekea watu maji hali wamezungukwa na mito. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, alijibu kwa maneno matatu tu: “Mtoni hakuna kiti.”

Kiti chenyewe kilikuwa benchi la mbao barazani. Kina mama walioshuka msituni na mizigo ya kuni walitua mizigo yao hapo, wakanywa, wakapumzika, wakaulizana habari za watoto. Mwaka 1992 Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilipoanzishwa, na makao yake makuu yakawa papo hapo Mang'ula, kuni zikawa si jambo la kila siku tena. Kina mama wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuokota kuni zilizokauka kwa siku maalumu tu. Mzigo mmoja wa kichwani ulipaswa kupika ugali, maharage na uji wa watoto hadi siku nyingine ya ruhusa. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo lililoipa thamani habari tunayotaka kuwasimulia.

Mama alifariki dunia wakati wa mvua zile kubwa za El Niño, za mwaka 1997 kuingia 1998. Wenye umri wanazikumbuka. Barabara yetu ya udongo haikupitika. Ndugu zetu wa Morogoro na Dar es Salaam hawakuweza kufika, wala padri wa kutuongoza katika ibada hakuweza kufika. Kwa desturi yetu Wahindu maiti haikai. Huchomwa moto mapema iwezekanavyo, na mwana ndiye auwashaye. Kuchoma maiti ya mtu mzima kwahitaji mamia ya kilo za kuni kavu. Sisi tulikuwa na magogo machache, yote yamelowa. Tulikaa barazani, wanaume wazima wenye duka na stoo, tukiwa hatuna kitu kimoja tu ambacho mama yetu alikihitaji.

Majirani walianza kufika kabla ya jua kuchomoza. Walikuja kama wanavyokwenda kwenye msiba wowote: huyu na ndoo ya maji, huyu na unga, huyu na kuni. Kuni hizo zilitoka uchagani, juu ya mafiga, mahali pakavu kuliko pote nyumbani wakati wa masika. Mmoja alileta mzigo. Wengi walileta kuni mbili tatu. Yupo aliyeleta ukuni mmoja, ameuficha ndani ya kanga usilowe.

Waliziweka uani, wakaenda jikoni kwetu ili wawashe moto na kuwapikia waombolezaji. Hapo ndipo palipotokea mkanganyo. Kwetu sisi, nyumba yenye msiba haiwashi jiko lake mpaka ibada zikamilike. Mke wetu akawazuia mlangoni, kwa machozi, bila kuweza kueleza. Kina mama wakarudi nyuma. Tuliona nyuso zao zikibadilika. Walidhani tumewakataa, kwamba hata siku ya kifo Mhindi hataki mkono wa jirani jikoni mwake.

Bibi mmoja mkubwa wa makamo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitua kuni zake kwenye benchi la mama, alitujia akauliza, “Mwanangu, kuni zetu zina nini?”

Tukamwambia, “Shikamoo, bibi. Kuni zenu hazina kosa. Ila moto wa jikoni hauwashwi leo. Moto tunaouhitaji ni mwingine, na huo ndio tuliokosa kuni zake.”

Alielewa. Tuliliona lile neno likimwingia. Ndugu zangu, tusifanye jambo hili kuwa jepesi. Kwa majirani zetu, Waislamu na Wakristo, mfu huzikwa ardhini. Kumchoma moto ni jambo la kutisha. Baadhi ya kina mama waliinama, na mmoja akajifunika uso kwa kanga. Kama wangezichukua kuni zao na kwenda zao, tusingewalaumu. Ni mali yao, na si desturi yao.

Bibi alinyamaza kitambo, kisha akawageukia wenzake. Akasema, “Tulikunywa maji ya mama huyu kuni hizi hizi zikiwa kichwani. Basi ni zake.”

Hakuna aliyeondoa hata ukuni mmoja. Vijana wao wakatusaidia kubeba. Mchana mvua ilipopungua, mama yetu aliagwa kwa kuni za uchagani za nyumba ambazo hatukuweza kuzihesabu. Kina mama hawakusogea karibu. Walisimama mbali chini ya mwembe mpaka mwisho, nao hawakuondoka. Usiku ule nyumba nyingi za Mang'ula hazikuwa na kuni kavu za kupikia. Jambo hili tulilijua baadaye.

Sasa tutasema na aibu yetu. Asubuhi ya pili, kwa mazoea ya duka, tulichukua daftari. Daftari lile lile lilikuwa na majina ya wengi wa kina mama wale, kwa sukari na mafuta ya taa waliyokopa. Tukaanza kuandika: fulani, mzigo mmoja; fulani, kuni tatu. Tulikusudia kumlipa kila mmoja, kwa nia njema kabisa. Bibi alitukuta tukiandika. Akauliza ni hesabu gani. Tulipomweleza akasema, “Fedha za rambirambi andika, mwanangu, maana nazo utazirudisha kwenye misiba ya wenzio. Kuni haziandikwi.”

Tukaufuta ule ukurasa. Tangu siku ile tumelitafakari neno hilo. Hapo zamani tulijiona sisi ndio watoaji wa Mang'ula. Tulikopesha, tulichangia madawati, tulitoa mipira ya watoto, na yote tuliyatoa kutoka nyuma ya meza, sisi tukiwa juu na mwenzetu chini. Siku ile hatukuwa na meza. Tulipokea ukuni kutoka kwenye mkono wa mtu aliyekuwa ana deni kwetu, na kwa mara ya kwanza tulisimama naye kwenye ardhi moja. Tulijua kutoa. Kupokea ndiko tulikokuwa hatujajifunza.

Katika Bhagavad Gita, sura ya tisa, Bwana Krishna asema kwamba atolewapo jani, ua, tunda au maji kwa moyo safi, yeye huyapokea. Hakutaja dhahabu. Nasi sote tulikua tukisimuliwa habari za Sudama, maskini aliyesoma na Krishna kwa mwalimu mmoja. Porbandar, mji wa baba yetu, hapo kale uliitwa Sudamapuri kwa jina lake. Sudama alipokwenda kumwona rafiki yake aliyekwisha kuwa mfalme huko Dwarka, alibeba konzi nne za mchele uliopondwa, ndani ya kitambaa kikuukuu.

Majirani zetu wa Bonde la Kilombero hawahitaji kuelezwa mchele huo ni kitu gani. Ni ndugu wa pepeta, ile mnayoikaanga na kuitwanga mpunga ukiwa haujakomaa, mkatuletea kwenye sahani iliyofunikwa. Sudama alipouona utukufu wa jumba la kifalme aliona haya, akaficha kifurushi chake. Krishna akamnyang'anya, akala kwa furaha kuliko karamu yoyote.

Kisa hiki husimuliwa sana, ila kuna sehemu moja husahauliwa. Mchele ule haukuwa wa Sudama. Nyumbani kwake hapakuwa na kitu. Mkewe alikwenda kuuomba kwa majirani. Kwa hiyo ile zawadi iliyomfikia Bwana ilitoka katika majiko ya majirani ambao majina yao hatuyajui, kama zilivyotoka kuni za mama yetu. Krishna naye hakuuliza mchele ni wa nani, wala hakuuandika. Aliupokea.

Majivu ya mama tuliyapeleka Mto Kilombero. Mto ule huingia Rufiji, na Rufiji huingia Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayoosha ufuo wa Porbandar. Bibi naye amekwisha kututoka, miaka mingi iliyopita. Tulikwenda mazikoni kwake na kuni begani, tukazitua uani kama wengine, na hakuna aliyeziandika. Tangu mwaka 2011 ruhusa ya kuokota kuni ndani ya Hifadhi imekoma; watu hutumia miti waliyoipanda, mkaa au gesi. Vitu hubadilika. Pengine wajukuu wetu watapelekeana kitu kingine siku ya msiba. Kitu si hoja, bora kiwe kidogo kiasi cha mwenye nacho kuweza kukitoa, na mwenye kupewa kuweza kukipokea bila ya kuinamisha uso.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunamalizia kwa ombi. Hekalu letu leo lina ukuta imara, geti la chuma na mlinzi. Hatuwalaumu waliovijenga, nasi tulichangia. Lakini tulipofika leo asubuhi tuliwaona nje ya geti vijana wa bodaboda, kina mama wauza ndizi, na wanafunzi wakingoja gari juani. Tunaomba nje ya ukuta huu, upande wa barabara, pawekwe maji safi ya kunywa na benchi lenye kivuli. Gharama yake ni ndogo kuliko marumaru ya ngazi moja. Familia yetu iko tayari kuitoa, kwa sharti moja: pasiandikwe jina la mtu.

Na kwenu majirani, ombi letu ni hili: msione haya kutuletea pepeta yenu. Nasi vijana wetu wa Kihindu, mkiletewa sahani iliyofunikwa, msikimbilie kuirudisha imejaa kabla jua halijachwa, kana kwamba mnalipa deni. Ipokeeni kwa mikono miwili. Kaeni na mwenye kuileta. Mwulizeni habari za watoto.

Mtoni hakuna kiti. Kiti huwekwa na watu.

 Mungu alibariki hekalu letu, aibariki Mang'ula, na aibariki Tanzania. Om shanti, shanti, shanti.