Shamba Lisiuzwe: Maneno kwa Wazazi Wenye Kijana Aliyetekwa na Pombe



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi hapa Ruanda hulileta kwetu baada ya Misa, wakingoja kwanza wenzao waondoke. Mtoto wao ni mtu mzima, pengine ana mke na watoto, lakini pombe imemtawala. Nao huuliza: Padre, tuuze nini ili apone?

Swali hilo hututia hofu, maana mara nyingi jibu wanalo tayari: shamba la kahawa. Lakini shamba hilo ndilo karo ya wadogo zake na chakula cha wanawe. Kulitoa lote kwa ajili ya mmoja, tena mkononi mwa mtu anayeahidi kumponya kwa siku tatu, ni kuwadhulumu wengine. Mkamwana naye ana neno la kusema hapo, ingawa vikao vyetu humsahau.

Zamani pombe ilinywewa pamoja, baada ya ngokela, na fedha ya kahawa iliingia mara moja kwa mwaka. Tangu makaa ya mawe yaanze kuchimbwa Ngaka mwaka 2011, fedha ya kibarua hupatikana hata siku isiyo ya mavuno, na muuza gongo hujua hivyo. Viroba vilipigwa marufuku mwezi Machi 2017. Gongo imekatazwa na sheria. Sheria twaifahamu, na wauzaji twawafahamu.

Wapo waliosikia redioni kwamba kuna dawa ya bure iitwayo methadoni. Ni kweli. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na baadaye Mbeya. Lakini hiyo ni ya watumiaji wa heroini, nayo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mnywaji wa gongo haimsaidii. Nauli hiyo msiitoe. Zipo pia nyumba za kupata nafuu, hasa mijini na Zanzibar, ambako mgonjwa hukaa miezi kadhaa. Nyingi hutoza ada, na yafaa kuuliza jumla yake kabla ya kufunga safari.

Basi tuanzie karibu. Aliyekunywa sana kwa miaka asifungiwe chumbani wala kufungwa kamba ili aache ghafula. Katika siku tatu za kwanza aweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kupata degedege, hata kufa. Siku hizo ni za hospitali. Mpelekeni zahanati, na wakiwaandikia rufaa, nendeni Mbinga, au Litembo kwenye hospitali ya jimbo letu. Asiye na uwezo aende na barua ya mtendaji wa kijiji, amwone ofisa ustawi wa jamii, aombe msamaha wa malipo. Kuomba hivyo si aibu.

Akishatoka kitandani ndipo kazi ndefu huanza, na hiyo haihitaji fedha nyingi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili walianza kusaidiana waache pombe. Kikundi chao kimeenea duniani, na mhudhuriaji halipi ada. Mwaka 1939 mtawa mmoja, Sista Ignatia, aliwapokea walevi katika hospitali ya Kikatoliki ya mji huohuo, wakati hospitali nyingi hazikuwataka. Aliwaandikisha kuwa wana ugonjwa wa tumbo ili wapate kitanda.

Nasi tunazo jumuiya ndogondogo, zinazokutana kila juma. Msibani huchanga bila kuambiwa. Kwa mlevi hatuchangi, twamcheka. Tunaziomba kila moja ifikishe parokiani, kabla ya mavuno ya kahawa, majibu ya maswali haya: je, yupo aliyeacha pombe mwaka mmoja au zaidi, aliye tayari kuketi na wenzake jioni? Je, jumuiya yaweza kulipa nauli ya mgonjwa mmoja na ya ndugu wa kumsindikiza? Je, nani atamlimia shamba lake akiwa hospitalini?

Madeni yake ya kilabuni, wazazi wapendwa, msiyalipe. Chumba cha katekesi kitakuwa wazi kwa watakaokutana jioni. Funguo anazo katekista.