Kontrola ya DJ Iandaliwe Nyumbani, Si Ukumbini

Mada iliyowasilishwa kwa vikundi vya vijana wanaokusudia kufanya biashara ya muziki katika sherehe



Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachonunua vyombo vya muziki kwa fedha hiyo hurejesha deni lake kwa kazi za harusi, kipaimara na mahafali. Muziki ukikatika wakati maharusi wanaingia ukumbini, kikundi hakipotezi wimbo mmoja tu, bali na wateja waliokuwa wakisikiliza.

Kontrola haihifadhi nyimbo. Ni meza ya vitufe na magurudumu inayotuma amri kwa kompyuta, ambamo nyimbo na programu ya kuchanganya muziki hukaa. Kontrola nyingi zina pia kadi ya sauti ndani yake.

Kwanza, isakinishwe programu inayoitambua kontrola hiyo. Mixxx, kwa mfano, hupatikana bila malipo. Kontrola inayohitaji draiva katika Windows isakinishiwe ile ya mtengenezaji wake.

Pili, waya wa USB uchomekwe katika kompyuta moja kwa moja. Kigawanyio kisicho na umeme wake huweza kuinyima kontrola nguvu ya kutosha.

Tatu, sauti ielekezwe inakotakiwa. Mara nyingi DJ huona wimbo ukitembea kwenye kioo huku spika zikiwa kimya, kwa sababu programu bado inapeleka sauti kwenye spika ndogo za kompyuta. Katika mipangilio ya sauti, kontrola ichaguliwe kuwa njia ya kutokea. Kwa kawaida, chaneli ya 1 na ya 2 hubeba muziki wa ukumbini, na ya 3 na ya 4 hubeba sauti ya hedifoni, ambayo DJ huitumia kuusikiliza wimbo unaofuata.

Nne, bafa ipimwe. Sauti inapoendeshwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 6, na ya 1,024 kwa takriban 23. Ikiwa ndogo mno, kompyuta huelemewa na sauti hukwaruza. Ikiwa kubwa mno, mkono wa DJ hutangulia na sauti hufuata nyuma. Inafaa kuanza na 512, kisha kuongeza endapo mikwaruzo itasikika.

Tano, nyimbo zote zichanganuliwe mapema ili programu ijue kasi ya kila mmoja, na kompyuta izuiwe kujizima au kulala yenyewe. Taa za kiwango cha sauti zisifike kwenye nyekundu. Spika ziwashwe mwisho na zizimwe kwanza, ili kishindo cha umeme kisiziharibu.

Baada ya hayo, kikundi kipige muziki nyumbani kwa muda ule ule wa sherehe, kwa kompyuta ile ile na nyaya zile zile. Hitilafu inayojitokeza nyumbani hurekebishwa kwa utulivu. Ikijitokeza ukumbini, mwenye sherehe hutafuta DJ mwingine, na tarehe ya rejesho hubaki pale pale.