Moshi wa Jikoni Manibe
Wasikilizaji wa Manibe, adui wa mapafu si lori la barabara ya Koboko peke yake. Mkubwa zaidi yumo jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtasema wazee wetu walipikia kuni na wakazeeka. Ni kweli, ila tunawahesabu waliobaki. Waliozikwa wachanga kwa nimonia hawapo chini ya mwembe kutoa ushahidi. Mkaa nao, ingawa moshi wake haba, hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu: msilale nao ndani. Gesi ni ghali, hilo sibishi. Lakini kuni zilizokauka vizuri na dirisha la pili havihitaji mkopo.