Mboni Nyeupe ya Mtoto na Kipimo cha MRI



Mzazi anapoona mboni ya jicho la mtoto wake inang'aa nyeupe kama jicho la paka gizani, asianze na matone ya dukani wala maji ya majani. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao watoto wachanga nao huzaliwa nao. Unaweza pia kuwa retinoblastoma, saratani ya utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Yote mawili hayangoji msimu wa kahawa.

Daktari wa macho huitambua saratani hiyo kwa kutazama ndani ya jicho kwa taa yake, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa. Asichoweza kukiona ni kilicho nyuma: je, ugonjwa umeingia katika mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo? Hapo ndipo MRI yenye picha za kina huhitajika. Mashine hii hutumia sumaku na mawimbi ya redio, si mionzi ya eksirei. Na hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa watoto waliorithi ugonjwa huu hudhuriwa na mionzi kuliko wengine. Picha zake huonesha hata vitu visivyofika milimita moja. Kutokana nazo daktari huamua kama jicho litatibiwa, litatolewa, au dawa za saratani zitatangulia. Kuchoma sindano jichoni ili kukata kipande cha uvimbe huepukwa, maana saratani inaweza kutoka nje kwa tundu hilo.

Kwa mtu mzima ambaye jicho limetokeza nje, kipimo hicho huonesha kama misuli imevimba kwa ugonjwa wa tezi ya shingo au kuna uvimbe mwingine.

Fundi wa kuchomelea au kusaga chuma aseme kazi yake kabla ya kuingia, hata asipoulizwa: kibanzi cha chuma kilichosahaulika jichoni huweza kuvutwa na sumaku na kulipasua jicho.

Safari huanzia zahanati, kisha hospitali ya mkoa mjini Bukoba, na kwa barua ya rufaa hufika Bugando, Mwanza, au Muhimbili. Mtoto mdogo hulazwa usingizi kwa dawa, kwani akitikisika picha huharibika. Ikithibitika ni saratani, ndugu zake wa tumbo moja nao wapelekwe kupimwa macho.